Alama Bila Nyundo

Ukitaka kumwudhi Agnès Kunda, mwambie kwamba kompyuta zote ni kompyuta. Atakutazama juu ya miwani, ataweka bisibisi chini, kisha atakuuliza kama kiatu cha mtoto na kiatu cha askari vinavaliwa na mguu mmoja. Wateja wapya walimwona mwanamke mwenye majivuno. Waliokizoea kibanda chake cha kompyuta cha Kamalondo, mjini Lubumbashi, ubavuni mwa fundi cherehani, walijua kwamba hana majivuno hata chembe. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao aliurithi kwa baba yake.

Baba yake, mzee Alphonse, mtu wa kaskazini mwa Katanga, alikuwa mkaguzi wa mabehewa kwenye reli. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa nyundo na chaki. Treni ilipojiandaa kushuka Sakania, mpakani mwa Zambia, alipita behewa kwa behewa akigonga magurudumu na kusikiliza. Chuma kizima kina sauti yake na chuma chenye ufa kina yake. Akiridhika aliandika kwa chaki ubavuni mwa behewa njia linayoruhusiwa kwenda, na chini yake akachora kindoano kidogo. Kindoano hicho kilikuwa yeye. Behewa likianguka huko mbele, watu wajue mlango wa kuja kubisha. Agnès akiwa mdogo alimpelekea chakula cha mchana, na mara nyingi alimkuta anarudia gurudumu lilelile mara ya tatu huku dereva wa treni akimtukana kutoka dirishani.

Mwaka 1993 Agnès alikuwa na miaka kumi na sita, na nchi ilikuwa imeoza mikononi mwa wenyewe. Mishahara haikuja, maduka yalikuwa yameporwa, na watu wa Kasai waliofukuzwa Katanga walijaa stesheni na watoto wao na magodoro yao, wakingoja treni ya kuwapeleka kwa babu ambao wengi hawakuwahi kuwaona. Walikufa palepale kwa kuhara na surua. Siku moja mkubwa mmoja wa kazi alimwambia mzee Alphonse apake chaki tu, treni iondoke. Mzee akakataa. Aligonga magurudumu yote, siku nzima na nusu ya pili, akatoa behewa moja pembeni. Waliomlaani walikuwa na haki ya kumlaani, maana katika muda huo walizika watoto wanne. Treni ilifika salama. Agnès alimwuliza mara moja tu, miaka mingi baadaye, kama alifanya vema.

«Mi sijue,» mzee akamjibu. «Kitu nilijua, njo sauti ya nyundo.»

Mzee amekwisha kufa. Nyundo yake iko kwenye meza ya Agnès, ikikandamiza karatasi zisipeperushwe na feni.

Sasa nieleze ugomvi wenyewe, maana mtu akiusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Huku kwetu kompyuta huja kama mitumba: bunda limefungwa, hujui utakuta nini ndani. Ofisi fulani ya mgodi inatupa mashine za kale, parokia inaziokota. Mfadhili analeta mashine mpya. Mwingine analeta zile ndogo, saizi ya kipande cha sabuni, zinazokula umeme mdogo wa sola. Kwa macho zote zinaonyesha kioo na herufi. Ndani, kile kipande kinachofikiri, prosesa, si kimoja, na programu iliyopikwa kwa ajili ya aina moja haitafumbua jicho kwa aina nyingine. Kwa hiyo kila kifurushi cha programu hubandikwa alama: hiki ni cha mashine za kale, hiki cha mpya, hiki cha zile ndogo, na hiki cha zote. Mashine yenyewe huisoma alama kabla ya kukubali. Ikikuta si yake, inakataa, nawe unabaki na programu uliyokuwa nayo. Ikikuta neno «zote», inafungua mlango.

Agnès na wenzake sita walikuwa na kitu walichokiita Ghala. Walikusanya programu za vituo vya afya visivyo na intaneti, wakazitia kwenye flashi, na flashi hizo zikasafiri na malori mara mbili kwa mwaka hadi kwenye vituo ambavyo hata ramani zinavionea uvivu. Malori yalikuwa ya mjomba wa Muhindo, mmoja wa wale sita. Huyu Muhindo alikuwa Mnande wa Butembo, mtu wa duka la jumla, mwenye mikono ya kubeba magunia na kichwa cha kusoma programu, na alikuwa ameishi Lubumbashi muda wa kutosha kusema Kiswahili chetu kwa kukikoroga kama sisi. Ndugu yake Kakule alikuwa Goma. Kakule ndiye aliyezipika programu, na mezani kwake alikuwa na mashine tatu za kujaribia, moja ya kila aina. Agnès alikaa na ufunguo, yaani neno la siri la kuidhinisha. Hakuna kifurushi kilichotoka Ghala bila yeye kutia alama kwa mkono wake.

Sasa, kanuni ya nne ya Ghala ilisema kila kifurushi kiwe na alama ya mashine kinazozifaa. Ilisema hivyo tu. Miaka minne Agnès na Muhindo waliandikiana barua juu ya neno hilo «kinazozifaa», barua ndefu kuliko hati za kesi ya kiwanja. Agnès alishikilia kwamba kinafaa mashine uliyokijaribia, basi. Alama ni ushahidi, na shahidi hasemi asichokiona. Muhindo alijibu kwamba programu nyingi siku hizi zimeandikwa kwa lugha isiyojali mashine, kwa hiyo ziandikwe «zote» mpaka zionekane zimekataa. Ukiandika «mpya» peke yake kwa sababu ya woga wako, muuguzi mwenye mashine ya kale hatakiona kifurushi hata kwenye orodha, na ataendelea na programu mbovu unayojua ni mbovu. Behewa lililosimama stesheni nalo linaua, aliandika, naye alijua vizuri anaandika kwa binti wa nani.

Walipiga kura mara tatu. Kila mara tatu kwa tatu, na Kakule akakataa kuvunja sare, akisema kwa kicheko chake kwamba yeye ni mpishi, wao wagombanie sahani. Ukweli ni kwamba ugomvi ule ulikuwa anasa. Kwa kuwa Kakule alijaribu kila kitu kwenye mashine zote tatu, alama ya Agnès na alama ya Muhindo zilifika palepale. Kanuni haikuwa imeguswa na shida hata siku moja.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi.

Watu wa Kivu walioko Lubumbashi walishinda na simu mikononi kama watu walioshika ndege wasitake aruke. Uwanja wa ndege huko ulifungwa, benki zikafungwa, umeme ukakatika, na majirani walioitika leo hawakuitika kesho. Siku mbili kabla ya mji kuanguka Kakule alikuwa ametuma kifurushi kipya cha Daftari, programu ya kuandikisha wagonjwa wa kifua kikuu. Toleo la zamani lilikuwa na kosa baya: mara nyingine lilipoteza tarehe, muuguzi asijue nani amemeza dawa na nani hajameza. Toleo jipya lilitibu kosa hilo. Pamoja nacho Kakule aliandika mstari mmoja tu, kwamba amekijaribu kwake. Hakusema kwenye mashine zipi. Siku ya tisa ikaja habari kwamba bomu liliangukia mtaa wake na kwamba majirani wamemzika pamoja na wengine, mahali ambapo hakuna aliyeweza kupataja sawasawa.

Kilio kilikaliwa Lubumbashi bila maiti, uani kwa Muhindo, chini ya turubai la buluu, viti vya plastiki vikakodiwa, nyimbo za Kinande zikaimbwa na watu wasiokuwa na jeneza la kulitazama. Kama unavijua vilio vya kwetu, unajua kwamba mfiwa hapingwi. Akisema mchele uletwe, unaletwa. Akisema mtu fulani asiingie, haingii. Hata mdai wako unamsalimia na kumsogezea kiti. Ubishi unawekwa kando mpaka turubai litolewe, na anayeleta ubishi kilioni jina lake litanuka mtaa mzima.

Siku ya tatu Muhindo alimwita Agnès pembeni, karibu na tangi la maji. Macho yake yalikuwa mekundu na kompyuta ilikuwa mapajani. Kifurushi cha ndugu yake kilikuwa kimefunguliwa kwenye kioo, na mahali pa alama palikuwa patupu.

«Yaya Agnès, camion ya Mitwaba inatoka kesho asubuhi,» alisema, akimwita dada mkubwa kama siku zote. «Kisha pale mvula itakata barabara mpaka mwezi ya tano.»

Agnès alimwambia kwa sauti ya chini kwamba amekijaribu kwenye mashine mpya na kwenye ndogo, na kimekwenda vizuri. Mashine ya kale aliyokuwa nayo kibandani ilikuwa imeungua kabla ya Krismasi. Na kituo cha Mitwaba kilikuwa na mashine ya kale.

Muhindo hakubisha. Angebisha, pengine Agnès angekuwa na nguvu ya kumjibu, miaka minne alikuwa amejizoeza. Alitazama tu kioo, akapangusa vumbi lisilokuwapo.

«Hii njo kazi yake ya mwisho,» alisema. «Yeye hatukumuzika. Na hii nayo tutaituma nusu?»

Nyuma yao wanawake walikuwa wanaanza wimbo mwingine. Agnès alifikiri juu ya zile mashine tatu mezani kwa Kakule, na mstari ule mmoja, kwamba amekijaribu kwake. Kwake ni wapi kama si kwenye meza ile? Aliona aibu kumhoji marehemu mbele ya ndugu yake. Akachukua kompyuta, akaandika «zote», akatia ufunguo. Ilichukua muda mfupi kuliko kumega mkate. Muhindo alimshika mkono akaushika muda mrefu, na Agnès alirudi kwenye kiti chake akiwa amefurahi. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye: alifurahi kwamba kwa mara ya kwanza hakuwa yule mwanamke mgumu.

Lori liliondoka. Mwezi wa pili ukaisha.

Simu ya Mitwaba ilifika wiki ya kwanza ya Machi, ikikatika na kurudi. Aliyepiga alikuwa Léa, muuguzi wa kituo, ambaye Agnès alimjua kwa sauti tu, sauti ya mtu asiyependa kulalamika. Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, na alikuwa amejaribu siku kadhaa. Alieleza kwamba alitia flashi kama kila mara, mashine ikauliza, akajibu ndiyo. Programu ya zamani ikaondoka, mpya ikaingia.

«Daftari haifunguke, maman,» alisema. «Niko na bagonjwa mia mbili na kumi na mbili, na sioni jina ya hata mumoja.»

Agnès alijua kabla ya kukagua. Hata hivyo alikagua, maana ndivyo alivyo. Alifungua kifurushi kipande kwa kipande, na mchana ule akakikuta. Karibu chote kilikuwa kimeandikwa kwa ile lugha isiyojali mashine, kama Muhindo alivyosema siku zote. Lakini ndani kulikuwa na kijisehemu kimoja, kidogo kuliko picha ya pasipoti, ambacho kazi yake ilikuwa kutunza tarehe. Ndicho kilichotibu lile kosa. Na kilikuwa kimepikwa kwa mashine mpya na ndogo tu. Pengine Kakule alitaka kukipika cha kale siku iliyofuata. Siku iliyofuata alikuwa chini ya meza na familia yake.

Majina hayakuwa yamepotea. Yalikuwa ndani ya mashine ya Léa, mazima, yamefungiwa chumba ambacho ufunguo wake umebadilishwa. Ilitakiwa programu ya zamani irudi, na flashi haisafiri kwa simu. Agnès hakumtuma mtu. Aliweka toleo la zamani kwenye flashi mbili, moja mfukoni na moja kwenye soksi, akafunga kibanda, akapanda lori la kwanza lililothubutu njia. Muhindo alikuja gereji kumuaga. Alikuwa ameambiwa. Alisimama na kofia mkononi mpaka lori likatoka.

Siku tatu za kawaida zilikuwa nane. Lori lilizama mara mbili, na mara ya pili walilala kwenye matope siku mbili mpaka trekta la mtu mmoja lilipopatikana. Kila asubuhi Agnès alihesabu: hizi ni siku ambazo mtu hajui nani amemeza dawa. Kifua kikuu si homa. Mgonjwa anameza miezi sita bila kuruka, na mara nyingi mwezi wa tatu anajisikia mzima, anarudi shambani, anaacha. Ndiyo sababu ya Daftari. Mtu akikosa wiki, jina lake linageuka jekundu kwenye kioo, na Léa anatuma mtu wa pikipiki kumtafuta.

Alimkuta Léa amekwisha fanya kazi ambayo hakuna mashine ingeifanya. Alikuwa amenunua madaftari mawili ya shule, akaandika wagonjwa wake kwa kukumbuka. Aliandika kwa vijiji, kisha kwa kanisa, kisha kwa siku ya kuja. Aliuliza wagonjwa juu ya wagonjwa. Alikuwa na majina mia mbili na kumi na moja, na moja lilikuwa linamkwepa. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa na ile hali ya mtu anayehesabu kimoyomoyo hata anapokusalimia.

Agnès alirudisha programu ya zamani. Kioo kilikaa cheusi, kisha majina yakashuka. Wakakaa bega kwa bega kwenye benchi, Agnès akisoma kutoka kwenye kioo, Léa akitia alama kwa penseli kwenye daftari la shule. Walifika mia moja na arobaini na kitu. Agnès akasoma jina, na penseli haikusogea.

«Rudilia,» Léa alisema.

«Mwansa.»

Léa aliweka penseli chini. Alieleza polepole, kama anayemwona mtu mlangoni. Mama Mwansa wa mashamba ya mbali, alikuja kwa miguu kila Alhamisi, peke yake, hakai na wengine benchini, hasemi na mtu, anachukua dawa na kurudi. Hakuna mgonjwa aliyemtaja kwa sababu hakuna aliyemjua. Mwezi wa nne wa dawa. Kwenye kioo jina lake lilikuwa jekundu kama yote, kwa kuwa mashine ilikuwa imehesabu siku zote hizo kimyakimya, lakini yeye hakuwamo hata kwenye daftari la shule, na wiki zilizokosekana zilikuwa tano.

Mtu wa pikipiki aliondoka mchana uleule, akarudi kesho yake. Alizima injini, akavua kofia ngumu, na wote wawili wakaelewa kabla hajafika barazani. Mama Mwansa alikuwa amezikwa siku kumi na moja zilizopita. Mumewe alisema alianza kujisikia nafuu, palizi ikamshika, wakadhani kituo kitatuma mtu kama kilivyotuma mwaka jana kwa jirani. Hakuja mtu, wakaona basi, bila shaka amepona.

«Pengine angekufa tu, maman,» Léa alisema jioni walipokuwa wanakunja madaftari. «Hatutajua hata siku moja.»

Alisema kwa wema, na Agnès aliupokea wema huo, lakini haukumfaa kitu. Baba yake naye hakujua. Alizeeka na wale watoto wanne wa stesheni na hakujua. Lakini mzee Alphonse alikuwa na kitu cha kushika: aligonga, akasikia. Binti yake alikuwa ameandika neno «zote» juu ya gurudumu ambalo hakuligusa, kwa sababu watu walikuwa wanaimba na ingekuwa aibu kukataa. Alilia mbele ya Léa bila kujificha, naye si mtu wa kulia mbele za watu.

Kabla ya kuondoka alikwenda kwa mumewe mama Mwansa, nyuma ya pikipiki, mwendo wa saa tatu. Sijui walisemezana nini. Najua alimweleza jambo lenyewe lilivyokuwa, mashine na alama na mkono wake, na kwamba yule mwanamume alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja: kama huyo aliyetengeneza programu ameadhibiwa. Agnès akamwambia amekufa kwa vita, na kwamba kosa halikuwa lake. Na alimwomba kitu kimoja, nitakisema mwishoni.

Katikati ya Aprili watu sita wa Ghala walikaa kibandani Kamalondo, milango wazi, cherehani ya jirani ikivuma ukutani. Kila mtu alijua Agnès amekuja kushinda. Miaka minne ya barua, na sasa ana kaburi la kuonyesha. Muhindo alikaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa, tayari kupigwa.

Agnès hakumpiga. Aliwaambia kwamba Muhindo hakuwa mjinga hata siku moja. Toleo la zamani, hilo alilolirudisha kwa mikono yake, bado linapoteza tarehe, na kama wangekizuia kifurushi na kukaa kimya, Léa angeendelea kudanganywa na mashine yake, na huenda jina lingine lingepotea kwa njia nyingine. Kosa lao lilikuwa kudhani kuna maneno mawili tu, kinafaa na hakifai. Akataka kanuni ya nne iandikwe upya. Kila alama iwe na jina la aliyejaribu, mashine aliyojaribia, na siku. Mahali pasipojaribiwa paandikwe kwamba hapajajaribiwa, lakini kifurushi kisifichwe. Muuguzi akione, aonywe, achague mwenyewe, na toleo la zamani lisafiri naye kwenye flashi hiyohiyo ili aweze kurudi nyuma bila kumngoja mtu wa Lubumbashi kwenye matope. Walipiga kura. Mikono sita ilipanda, na kiti cha saba kilikuwa kitupu.

Ilibaki kuandika upya orodha ya zamani kwa kanuni mpya, na mstari wa kwanza ulikuwa wa Daftari. Wenzao walikwisha toka. Muhindo alisogeza kiti.

«Jina ya Kakule usiiandike pale,» alisema.

Agnès alimwambia haitaandikwa, kwa sababu Kakule hakutia alama.

«Basi andika yangu. Mi njo nilikulomba.»

«Kulomba haina kutia alama,» Agnès alisema. «Mukono ulikuwa wa mi.»

Akaandika mbele ya macho yake: Daftari, mashine zote, aliyetia alama, Agnès Kunda, aliyejaribu mashine ya kale, hakuna. Muhindo alisoma mstari ule, akainuka, akatoka nje bila kuaga. Juma lililofuata alirudi amebeba mashine ya kale begani, nzito kama gunia la sukari, aliyoitafuta mjini kote mpaka akaipata kwa muuza vyuma chakavu karibu na stesheni. Akaiweka mezani kando ya nyundo. Tangu siku hiyo wanafanya kazi pamoja Jumamosi, na wanabishana, nami nafurahi kusema wanabishana.

Kile kijisehemu cha tarehe Agnès alikipika mwenyewe kwa mashine ya kale, ilimchukua hadi Juni. Na hili ndilo aliloliomba kule mashambani, na mume akalikubali. Kila toleo jipya la Daftari likifika, linajaribiwa kwanza kwenye mashine ile ya chuma chakavu, kwa orodha yenye jina moja tu. Agnès anawasha, anaweka mikono mapajani, anangoja. Jina likitokea kwenye kioo analisoma kwa sauti, Mwansa, ndipo anatia alama.